Ua Jeupe la Horombo na Ua Jeupe la Heru Juu

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Heru Juu, Kasulu, ila kwa miaka mitatu nimekuwa mpagazi Mlima Kilimanjaro. Kati ya vituo vya kulala vya Mandara na Horombo huwa naona ua jeupe linalosimama peke yake juu ya kikonyo chenye manyoya, na kiongozi wetu huliita anemoni. Mwezi Mei nilikwenda nyumbani, nikaona pembeni mwa shamba letu, mahali palipoungua mwaka jana, ua jeupe lenye uwaridi kidogo, limeinamisha kichwa. Lina vipande vinne tu, na mengine yamekwisha kugeuka manyoya. Majani yake yanatoka mawili mawili kwenye shina linalonifika kiunoni. Je, ni mmea uleule wa mlimani? Na kama sio, naweza kuchimba ule wa mlimani nikaupande nyumbani, au kwa dada yangu aliyeolewa Tabora mjini? Jambo la mwisho: bibi yangu huyaponda majani mabichi ya huu wa nyumbani akajifunga magotini. Hakuna madhara?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu umefanya jambo ambalo wengi wanaoniuliza habari za maua hawalifanyi: umeeleza majani. Watu hukumbuka rangi, na rangi ni shahidi dhaifu sana katika kutambua mmea. Wewe umeandika kwamba majani ya mmea wa Heru Juu hutoka mawili mawili kwenye shina, na kwa maneno hayo machache umekwisha kujijibu. Ua la Kilimanjaro na ua la shambani kwenu si mmea mmoja. Ni ndugu wa ukoo mmoja waliofuata njia mbili za kuishi, mmoja akizoea baridi na mwingine akizoea moto.

Ukoo huo wataalamu huuita Ranunculaceae. Usidhani ni ukoo mgeni kwako, kwani habasoda inayouzwa sokoni Ujiji na hapa Tabora ni mbegu ya mmea wa ukoo huohuo. Tena katika mabonde ya majimaji ya nyanda za juu hukua kijimea chenye maua madogo ya manjano yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, Ranunculus multifidus, ambacho nacho ni jamaa yao. Katika wengi wa ukoo huu utakuta stameni nyingi, yaani vijiti vinavyobeba chavua, zilizosimama kila moja peke yake, zikizunguka rundo la vijitunda vidogo katikati ambavyo navyo havikuungana. Jambo la pili ni la kuzingatia zaidi: kile ambacho jicho huita petali, yaani vipande vya rangi vya ua, mara nyingi si petali. Anemoni haina petali hata moja. Vipande vyeupe unavyoviona ni sepali, yaani zile sehemu ambazo katika maua mengi huwa kijani na hulifunika tumba, ambazo hapa zimechukua kazi ya kuvuta wadudu. Kwa hiyo ulivyosema kwamba ua lina "vipande vinne" umesema vizuri kuliko ungesema petali nne.

Sasa nianze na ule wa mlimani. Jina lake la kitaalamu ni Anemone thomsonii, na lilitolewa mwaka 1885 na Daniel Oliver, mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew huko London, kwa heshima ya Joseph Thomson, Mskoti aliyekusanya mimea katika safari yake ya nchi ya Wamaasai ya mwaka 1883 hadi 1884. Hapa niruhusu nichepuke kidogo, maana habari hii inawagusa watu wa kwetu. Miaka michache kabla ya safari hiyo Thomson alikuwa amefika Ziwa Tanganyika, na katika kurudi pwani mwaka 1880 alipita Tabora. Mizigo yake ilibebwa na wapagazi, kazi ileile unayoifanya wewe leo, na ambayo Wanyamwezi walikuwa wakiifanya kwa vizazi vingi kati ya bara na Bagamoyo. Mwenye jina alipita hapa. Mmea wenye jina lake haukupata kupita, na sababu za kutopita ndizo sehemu kubwa ya jibu langu.

Utafute mmea huo utakapopanda tena, uinamie, na usiishie kutazama ua. Utaona kwamba majani yake yote makubwa hutoka chini kabisa, kwenye shingo ya mzizi, yakiwa yamegawanyika matatu matatu, kisha kila kipande kikagawanyika tena, kiasi kwamba mtu akiyaona bila ua anaweza kuyafananisha na majani ya karoti au ya kotmiri. Katikati yake huinuka kikonyo kimoja chenye vinyweleo, na juu yake ua moja tu, jeupe kwa ndani na lenye wekundu au uwaridi kwa nje. Kabla hujalifikia ua, kwenye kikonyo chenyewe, utakuta pete ya vijani vidogo vilivyokizunguka mahali pamoja. Pete hiyo ndiyo alama kuu ya anemoni popote duniani. Likiwa tumba, pete huwa karibu na ua na kulikinga. Kikonyo kikirefuka, ua huiacha pete nyuma. Chini ya ardhi, mahali ambapo hutaona isipokuwa ukichimba (nami nitakuomba usichimbe), kuna mzizi mnene mgumu kama mti, na huo ndio uhai wenyewe wa mmea.

Kiongozi wenu akiwaambia wageni kwamba jina anemoni linatokana na neno la Kigiriki la upepo, yuko sahihi. Akiongeza kwamba upepo ndio unaochavusha ua hilo, mrekebishe kwa adabu. Ua linalochavushwa na upepo halina haja ya kujipamba. Litazame ua la hindi. Anemoni huchavushwa na wadudu, wakiwamo nzi na nyuki, na wadudu hao hufuata chavua, kwa kuwa anemoni nyingi hazina nekta, yaani maji matamu ya ua. Hapa Tabora, ambako mtu hupima ua kwa asali, anemoni ingeonekana kuwa mwenyeji mwenye maneno mengi na sufuria tupu.

Sasa makazi yake. Mmea huu hukua katika milima mirefu ya Ethiopia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania, ikiwamo Aberdare, Mlima Kenya na Kilimanjaro. Huanza kuonekana pale msitu unapokwisha na kuendelea kupanda katika eneo la nyasi ngumu na vichaka vya erika. Mandara iko mita 2,700 juu ya usawa wa bahari na Horombo iko mita 3,720, kwa hiyo njia unayoipita na mzigo kichwani hupasua katikati ya makazi yake hasa. Ukitoka katika giza la msitu na kuingia kwenye mwanga, umeingia nchini mwake. Huo ni mmea wa mahali pa wazi, usiopenda kivuli cha miti mirefu.

Wengi hudhani tofauti ya kule na huku ni baridi peke yake. Baridi ni sehemu tu. Ukipanda mita 100, joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 0.6 za Selsiasi. Tabora iko kama mita 1,200, na wastani wa joto lake la mwaka ni kama nyuzi 23. Kutoka hapa hadi usawa wa Horombo ni mita zaidi ya 2,500, ndiyo kusema nyuzi zipatazo 15 zimekwisha kutoweka, na wastani uliobaki ni karibu nyuzi 8. Lakini wastani huo unaficha jambo kubwa, na wewe uliyelala Horombo unalijua mwilini mwako: mchana jua huunguza pua, na alfajiri maji ya kwenye dumu huweza kuwa na utando wa barafu. Karibu na ikweta hakuna majira ya baridi ya miezi mitatu ambayo mmea ungeweza kuyalala yote kisha ukaamka. Baridi huja usiku na kuondoka asubuhi, mwezi wowote. Mmea wa huko hauna budi kuwa tayari kwa jalidi na kwa jua kali ndani ya saa ishirini na nne zilezile.

Ukilielewa hilo, umbo la mmea huacha kuwa pambo na kuanza kuwa na maana. Majani hukaa chini kwa sababu hewa iliyo karibu na ardhi, katikati ya mafungu ya nyasi, hukingwa na upepo, na udongo uliopata jua mchana huendelea kuirudishia joto jioni. Vinyweleo vya kikonyo huzuia tabaka nyembamba ya hewa isipeperushwe. Ua huinuliwa juu ya nyasi ili lionekane na wadudu ambao nao huruka saa chache tu, jua likiwa limewaka na ukungu haujapanda. Na mzizi mnene umewekwa mahali ambapo baridi ya usiku mmoja haifiki. Hata majani yakiliwa, yakiungua kwa jalidi au kwa moto, akiba ya chakula iko chini. Moto nao si mgeni mlimani, maana vichaka vya erika vikikauka huwaka kwa nguvu, kama ulivyoonekana ule moto mkubwa wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020.

Udongo wenyewe ni wa volkano, mweusi, wenye mabaki mengi ya mimea ambayo katika baridi hiyo huoza polepole mno, na hushika maji kama sifongo. Ukungu wa alasiri huunywesha hata katika miezi ambayo mvua ni haba. Linganisha na mchanga wa Tabora, ambao hunyeshewa kuanzia Novemba hadi Aprili kisha hubaki mkavu kwa karibu nusu mwaka.

Kwa faida yako, anemoni za Ulaya hufanya mambo kwa namna nyingine kabisa. Anemone nemorosa, kwa mfano, huchanua ndani ya misitu mwanzoni mwa majira ya kuchipua, baridi inapokwisha, kabla miti haijatoa majani na kuziba jua, kisha kufikia katikati ya majira yao ya joto majani yake yamekwisha kufa na mmea umejificha chini. Ratiba ya namna hiyo ingekuwa haina maana Kilimanjaro. Kutokana na tofauti kama hizi, na hasa baada ya vinasaba kuchunguzwa, baadhi ya wataalamu wameona kwamba anemoni za Afrika kusini mwa Sahara ziko karibu zaidi na kundi la mimea ya Rasi ya Afrika Kusini liitwalo Knowltonia, na wakauhamishia humo ule wa Thomson. Ukikuta mahali umeandikwa Knowltonia thomsonii, usifikiri ni mmea mwingine. Mimi bado naandika Anemone kwa mazoea ya uzee, na kwa sababu ndilo jina walilolizoea viongozi wa mlimani.

Nije sasa Heru Juu. Mmea wenye majani yanayotoka mawili mawili kwenye shina refu, ua lililoinama lenye sepali nne nene zenye manyoya, nyeupe au za waridi, na baada ya ua rundo la vijitunda vyenye mikia ya manyoya, ni Clematis villosa. Zamani uliwekwa katika jenasi yake wenyewe, yaani kundi dogo ndani ya ukoo, iliyoitwa Clematopsis, na vitabu vingi vya kwetu bado vinatumia jina hilo. Ndugu zake wengi wa jenasi Clematis ni mimea ya kutambaa inayopanda miti. Huu umesimama wenyewe, na nadhani hilo ndilo lililokufanya uufananishe na anemoni. Hauna ile pete ya vijani kwenye kikonyo, na hauna shada la majani chini. Ukiwa na mashaka siku nyingine, usihangaike na ua, gusa majani. Yakitoka mawili mawili kwenye shina, hiyo si anemoni.

Makazi yake ni miombo na mbuga za nyasi, yaani nchi yenu na nchi yetu, na uliyoyasema juu ya mahali palipoungua ni ya kweli kabisa. Mmea huu una kisiki kigumu chini ya udongo, na moto wa kiangazi ukipita huteketeza mashina ya juu bila kukidhuru. Mvua zikija, kisiki hutoa machipukizi mapya yanayokuta nafasi tele, kwa kuwa nyasi ndefu zilizokuwa zikiyafunika zimeondolewa na mwanga unafika hadi chini. Uzuri unaouona mwezi Mei umetokana na akiba ya miaka mingi iliyofichwa ardhini, si na jivu la mwaka mmoja. Ndiyo maana mahali palipolimwa kwa jembe la kukokotwa na kung'olewa visiki hutauona, hata pakichomwa kila mwaka. Ile mikia ya manyoya ni ya kusafiria: upepo hubeba kila kijitunda na mbegu yake moja, na hapo ndipo upepo unapofanya kazi ambayo watu huusingizia kuifanya kwenye anemoni.

Pengine utauliza kama hakuna mahali popote Kigoma ambapo anemoni ya mlimani ingeweza kuishi. Miinuko ya Buha huishia chini ya mita 2,000. Mahale ndiko kunakokaribia, kwa kuwa kilele cha Nkungwe kina mita 2,462 na juu huko kuna nyasi za wazi, lakini hata hapo ndipo makazi yake ya kawaida yanapoanza tu, na kilele kimoja kidogo kilichozungukwa na nchi ya joto si sawa na Kilimanjaro yenye maelfu ya mita za kupanda na kushuka hali ya hewa inapobadilika.

Kuhusu kuchimba, jibu langu ni usichimbe, na sababu ya kwanza ni sheria. Ndani ya hifadhi ya taifa huruhusiwi kung'oa mmea bila kibali, na kwa mpagazi kosa hilo linaweza kuondoa riziki. Lakini hata ungepewa kibali, ungebeba mmea ili ukafie njiani. Mzizi mgumu wa namna ile ukikatwa haupendi kuanza upya. Ukifika Kasulu au Tabora, mmea utakutana na usiku wa joto, nao ndio utakaoumaliza. Mchana mmea hutengeneza sukari, na usiku huitumia kwa kupumua. Kadiri usiku unavyokuwa wa joto ndivyo unavyotumia zaidi. Mmea uliozoea usiku wa karibu na barafu hutumia akiba yake kidogo kidogo, na ukiuweka mahali ambapo usiku wa Oktoba mtu hulala bila shuka, hutumia kuliko unavyopata hadi mzizi ubaki mtupu. Kumwagilia hakutausaidia, mara nyingi maji mengi katika joto huleta kuoza.

Mbegu nazo si njia rahisi. Mbegu za anemoni huanguka wakati kiini chake bado hakijakomaa, kikaendelea kukua ndani ya mbegu kwenye udongo wenye unyevu na ubaridi. Ukizikausha na kuziweka kabatini mwaka mzima kisha ukazipanda, utangoja bure. Kama dada yako anataka ua jeupe Tabora mjini, mwambie apande huo wa kwenu. Mbegu zichukuliwe pale mikia ya manyoya inapotoka kwa kuguswa tu, zipandwe mapema katika kitalu chenye mchanga, bila kufukiwa sana, na mahali pa kudumu pawe na jua la kutosha. Asitegemee kuona maua mapema, kwa sababu mmea huo hushughulika kwanza na kisiki.

Nimeliacha suala la bibi mwishoni ingawa ndilo la haraka. Mimea mingi ya ukoo huu, inapopondwa ikiwa mibichi, hutoa kitu kiitwacho protoanemonini, ambacho huwasha ngozi na kinaweza kuleta malengelenge kama ya kuungua. Anachohisi bibi kama joto linalotoa maumivu gotini yaweza kuwa ni ngozi inayoanza kuumia, na joto hilo jipya hulifanya goti lisahau maumivu ya zamani kwa muda. Jani likikauka, kitu hicho hugeuka kuwa anemonini, ambayo ukali wake ni mdogo zaidi, lakini sishauri atumie hata lililokauka. Mwombe kwa upole, kwa heshima anayostahili, aache kufunga majani mabichi usiku kucha, na asiyaweke kabisa mahali penye kidonda. Asiyanywe kwa namna yoyote, kwani tumboni huumiza zaidi. Kama tayari ana wekundu au malengelenge, paoshwe kwa maji mengi na sabuni, malengelenge yasitumbuliwe, na aende zahanati aonwe. Goti lenyewe pia linastahili kupimwa.

Utakaporudi nyumbani, ukipenda niuthibitishe mmea huo kwa macho yangu, kata shina moja lenye jozi mbili za majani, ua na manyoya ya mbegu, ukiwa umevaa glavu mkononi. Litandaze katikati ya magazeti, liweke chini ya kitu kizito, na ubadilishe magazeti kila siku hadi likauke. Kwenye karatasi andika tarehe, kitongoji, kama mahali paliungua na lini, na rangi ya ua lilipokuwa bichi, maana rangi hupotea. Ukikata mashina mawili badala ya moja, la pili nitalipeleka Hebaria ya Taifa, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, huko Arusha.